Mwongozo kamili: kufundisha joto la riaksheni za kemia kwa kidato cha tatu, ukianzia kwenye chokaa

Walimu wenzangu wa kemia, hii topiki ukiifundisha kama ilivyo kwenye notisi, yaani unaingia darasani, unaandika eksothemiki ni ile inayotoa joto, endothemiki ni ile inayochukua joto, Delta H (badiliko la nishati ya riaksheni) hasi, Delta H chanya, halafu unarusha hesabu mbili na kipindi kimeisha, watoto watapasi tesiti ya Ijumaa na Jumatatu hawana kitu kichwani. Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha hivyo hivyo, tena nikawa nawalaumu wao. Siku nilipouliza darasa zima "mkaa unapowaka joto linatoka wapi?" na mtu wa kwanza akanijibu "kwenye kiberiti", ndo nikajua tatizo lilikuwa mimi.

Kwetu Tanzania topiki imezoeleka kidato cha tatu, wenzetu wa Kenya kwenye mfumo wa 8-4-4 ilikuwa inakaa kidato cha nne, ila njia ni ile ile. Tenga vipindi sita, na kimoja kiwe dabo. Vitu vingi utavipata jikoni na duka la pembejeo, kwa hiyo hata shule yenye maabara ya makaratasi hii inafanyika.

Kwanza malizana na neno "joto"

Usiruke hapa. Sisi tunasema leo kuna joto, mtoto ana joto, chai imepoa haina joto, neno moja linabeba vitu viwili. Mtoto akiingia nalo hivyo kwenye kemia anapotea mpaka mwisho. Kwa hiyo siku ya kwanza andika ubaoni maneno mawili: joto na halijoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, unaipima kwa juli. Halijoto ni namba unayosoma kwenye themometa, kwa nyuzi.

Halafu waoneshe. Chukua jiko moja la gesi au la mkaa uliokwisha kolea, bandika sufuria yenye maji lita moja kwa dakika mbili, soma halijoto. Epua, bandika sufuria ileile na maji glasi moja ya mililita 200, dakika mbili tena, soma. Jiko ni lile lile, muda ule ule, joto lililoingia linakaribiana lakini ile glasi moja imepanda mara kadhaa zaidi. Waache wabishane wenyewe kwanini. Ukiona mtu amesema "kwa sababu yale mengine ni mengi, joto limegawana", hapo umeshafundisha nusu ya fomula ya m×c×tofauti ya halijoto (m ni uzito, c ni joto la kupasha gramu moja kwa nyuzi moja) bila kuiandika.

Kuhusu themometa: watoto watakuletea ya homa kutoka nyumbani. Ile inasoma kati ya nyuzi 35 na 42 tu, haifai kabisa. Tumia ya maabara ya spiriti nyekundu, ya zebaki iache kabatini maana ikivunjika unabaki unakimbizana na vitone vya zebaki sakafuni na mvuke wake ni sumu.

Pili, mkono kabla ya kalamu

Gawa makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi lifanye vitu vitatu na kuandika tu walichohisi, bila jina lolote la kitaalamu.

Cha kwanza ni yuria, mbolea ile ile ya mahindi, vijiko viwili vya chakula kwenye maji nusu glasi, koroga, shika glasi. Inashuka nyuzi kumi hivi na glasi inatoa jasho kwa nje kama soda iliyotoka friji. Watoto hupiga kelele hapa, waache. Lakini kuwa mkweli, waambie kuyeyuka kwa yuria siyo riaksheni ya kemikali kwa maana kamili, hakuna kitu kipya kilichotengenezwa, maji yakikauka unapata yuria yako. Unaitumia kwa sababu inaonesha joto likichukuliwa vizuri kuliko kitu chochote cha bei ile.

Cha pili ni beking soda na maji ya ndimu. Hii ni riaksheni halali, hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka inafoka, na halijoto inashuka. Haishuki sana kama yuria ila inasomeka.

Cha tatu ni mrututu, yaani kopa salfeti, ule wa bluu wa kupulizia kahawa na mboga. Pima gramu 12.5 uyeyushe upate mililita 250, hiyo ni molari 0.2, yaani moli 0.2 kwa lita (moli ni kipimo cha kemia cha kuhesabu chembe). Kila kundi lichukue mililita 25, watumbukize bonge la stilwaya ya kusugulia sufuria (ile ya chuma kabisa, siyo ya plastiki na siyo ile yenye sabuni) na wakoroge. Bluu inafifia, stilwaya inageuka rangi ya shaba, na halijoto inapanda nyuzi sita au saba. Mrututu ni sumu, wanawe mikono, na hakuna kula karanga maabara siku hiyo.

Sasa ndo swali linalotega karibu kila darasa: beking soda na ndimu *inachukua* joto, mbona glasi imekuwa *baridi*? Mtoto anawaza kitu kikichukua joto lazima kipate moto. Usijibu kwa fasili. Uliza mtungi wa bibi unapoozaje maji. Maji yanapenya kidogo kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na ili yakauke yanahitaji joto, yanalichukua kutoka kwenye mtungi na maji yaliyobaki, basi mtungi unapoa. Riaksheni nayo inafanya hivyo, joto linaingia kwenye kutengeneza vitu vipya, na inalinyang'anya kwa maji yaliyoko pale pale, kwenye glasi, na kwenye mkono wako. Themometa yako imekaa ndani ya aliyenyang'anywa. Hiyo sentensi ya mwisho iandike ubaoni na uizungushie duara, maana ndiyo inayoeleza alama za hasi na chanya. Delta H ni hesabu ya riaksheni yenyewe, siyo ya maji. Riaksheni ikipata, chanya, maji yanapoa. Riaksheni ikitoa, hasi, maji yanapata moto. Hapa sasa ndo taja maneno eksothemiki na endothemiki, siyo kabla.

Tatu, bondi, na mtaji wa mama ntilie

Hapa kuna uongo ambao hata sisi walimu tunausambaza, kwamba nishati imehifadhiwa ndani ya bondi (kile kifungo kinachoshika atomu pamoja) na bondi ikivunjika inatoka. Hapana. Kuvunja bondi kunagharimu nishati, siku zote. Kuunga bondi mpya ndo kunalipa. Ukimwacha mtoto na picha ya bondi kama puto lililojaa joto, utakuja kumrekebisha kidato cha sita kwa tabu.

Mimi natumia mama ntilie. Asubuhi anatoa hela kununua mchele, mafuta, mkaa, hiyo ni kuvunja bondi. Mchana anauza sahani, hiyo ni kuunga bondi. Akiuza zaidi ya alichotoa kuna ziada, na kwenye riaksheni ziada yote inagawiwa majirani, kwa hiyo daftari la riaksheni linasoma hasi na majirani wanaota moto. Akiuza chini ya mtaji inabidi akope kwa majirani, majirani wanabaki baridi.

Halafu weka namba halisi, haidrojeni na klorini:

Kuvunja H–H moli moja: kilojuli 436. Kuvunja Cl–Cl: 242. Jumla ya mtaji 678.
Kuunga H–Cl mbili: 431 mara mbili, 862.
Tofauti: 678 kutoa 862, ni hasi 184.

Fanya hii moja polepole, usirushe tano. Na ukimaliza rudi kwenye lile jibu la kiberiti. Gunia la mkaa linakaa stoo mwaka mzima limezungukwa na oksijeni na haliwaki, ingawa kuungua kwake kunatoa kilojuli 394 kwa kila moli ya kaboni. Kwanini? Kwa sababu bila mtaji wa kuanzia mama ntilie hafungui. Kiberiti kinatoa mtaji, kaboni na oksijeni zikishaanza zinajilipia zenyewe. Kwa hiyo yule dogo hakuwa mjinga, alichanganya mtaji na faida tu.

Nne, chokaa, na hapa kaa muda mrefu

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Pwani yetu yote, Lamu, Mombasa, Zanzibar, Kilwa, nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe ya matumbawe yenyewe ni kalsiamu kaboneti. Unayapanga juu ya magogo, unachoma, kaboni dayoksaidi inatoka, inabaki kalsiamu oksaidi. Ukiimwagia maji inachemka na kuwa unga, kalsiamu haidroksaidi. Unaupaka ukutani, na ukutani taratibu unanyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani unarudi kuwa kaboneti, jiwe tena. Safari ya duara nzima, na kila kituo kina hesabu yake ya joto.

Ya darasani ni ile ya kati, kumwagia maji. Lakini sikia kilichonikuta. Mara ya kwanza nilienda duka la vifaa vya ujenzi nikasema nipe chokaa, nikapewa mfuko, nikaupeleka darasani kwa mbwembwe zote, nimewasogeza watoto nyuma, nimevaa miwani, namwagia maji... kimya. Uji mweupe baridi. Mtoto mmoja akasema "ticha, imelala". Ile chokaa ya mfuko ya kupaka huwa imeshamwagiwa maji kiwandani, joto lake lilishatoka zamani. Unayoitaka ni iliyochomwa tu haijaguswa na maji, na hata hiyo ukiiacha wazi inanyonya unyevu wa hewani inakufa, itunze kwenye kopo linalobana.

Kama huna pa kuipata, itengeneze. Osha maganda ya chaza au kombe za pwani, peleka kwa fundi mhunzi, akuwekee katikati ya mkaa huku anavuta mivukuto, yawe mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa kwa saa moja au zaidi. Inahitaji karibu nyuzi 900, jiko la kawaida la nyumbani halifiki vizuri. Yakitoka yawe meupe na mepesi kuliko yalivyoingia, na wepesi huo mpime kwa mizani mbele ya watoto, maana kila gramu 100 za kaboneti zikikamilika zinabaki 56.

Onesho lenyewe unafanya wewe, siyo wanafunzi. Miwani wewe na wao, umbali wa mita mbili, glavu. Chokaa hii ikiingia jichoni inaweza kupofua, sitanii, ndoo ya maji safi iwe pembeni. Tia mililita 100 za maji kwenye kopo la chuma, soma halijoto, ongeza gramu 10 za chokaa iliyopondwa kidogo kidogo, koroga kwa kijiti, subiri. Kwa hesabu inatakiwa ipande nyuzi zaidi ya 25, kama chokaa yako siyo kali utapata chini ya hapo. Usije ukafunga chupa na chokaa na maji ndani, mvuke utaipasua.

Wakishaona, wape hii: kila moli inatoa kilojuli 65. Kilo moja ya chokaa ni karibu moli 18, kwa hiyo kilojuli kama 1,160. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 mpaka kuchemka inataka kilojuli 315. Yaani kilo moja ya mawe meupe yaliyotulia ina joto la kuchemsha lita tatu na nusu za maji bila moto wowote. Uliza: hilo joto lilitoka wapi? Usijibu, waende nalo nyumbani.

Tano, kupima kwa kweli

Sasa kipindi dabo. Kalorimita ya shule inaweza isiwepo, tengeneza: kikombe cha plastiki ndani ya kikombe kikubwa, katikati jaza magazeti au sufi ya mto, mfuniko kata kutoka kwenye lile boksi jeupe la chipsi za teki awe, toboa tundu la themometa. Watoto wataelewa ukiwaambia ni hotipoti ya kemia.

Mililita 50 za asidi haidrokloriki molari 1, na 50 za sodiamu haidroksaidi molari 1. Asidi iwe kikombeni, isomwe kila nusu dakika kwa dakika tatu. Dakika ya nne mimina alkali, yaani ile sodiamu haidroksaidi, yote kwa mpigo bila kusoma, koroga, endelea kusoma mpaka dakika ya kumi. Chora grafu, mstari wa baada uvute kwa rula urudi nyuma mpaka dakika ya nne, hapo ndo unasoma kilele cha kweli. Hii ya kurudisha mstari nyuma wengi wanairuka wanachukua namba kubwa waliyoiona, na joto lililovuja wakati wa kukoroga linapotea kwenye hesabu.

Tuseme kundi limepata kupanda kwa nyuzi 6.2. Uzito wa mchanganyiko wote ni gramu 100, c ya maji ni 4.2, kwa hiyo 100 × 4.2 × 6.2 ni juli 2,604, kilojuli 2.6. Moli zilizokutana ni 0.05. Gawanya, unapata 52, weka hasi mbele: kilojuli hasi 52 kwa moli. Kitabu kinasema hasi 57. Tano zimeenda wapi? Kikombe, themometa, hewa. Usimruhusu mtoto abadilishe namba ili ifanane na kitabu, mimi anayeleta 57 kamili namwita mezani anioneshe daftari.

Kisha swali tamu kuliko yote: tukirudia kwa mililita 25 na 25, halijoto itapanda nusu? Piga kura kabla ya kufanya. Darasa langu wengi husema nusu. Inapanda ile ile. Joto ni nusu ila na maji ya kupasha ni nusu. Hapo ile glasi ya siku ya kwanza inarudi.

Ukipata muda, choma spiriti kwenye koroboi chini ya kopo la maji, pima koroboi kabla na baada. Ethanoli inatakiwa kutoa kilojuli 1,367 kwa moli, makundi yatapata nusu au pungufu, kwa sababu moto unapasha hewa ya darasa na spiriti yenyewe siyo ethanoli tupu. Koroboi isijazwe ikiwa inawaka au bado ni ya moto, hata kidogo.

Sita, Hess, na swali la chokaa linajibiwa

Germain Hess alizaliwa Geneva akafanya kazi St Petersburg, na mwaka 1840 alitoa sheria kwamba jumla ya joto inategemea ulikoanza na ulikoishia tu, njia haijalishi. Ukiisema hivyo darasani watasinzia. Andika duara la chokaa, kilojuli kwa moli:

Tanuri, jiwe kuwa chokaa: chanya 178.
Maji, chokaa kuwa unga: hasi 65.
Ukutani, unga kuwa jiwe: hasi 113.

Waambie wajumlishe. Sifuri. Niliwahi kuona darasa zima likirudia kujumlisha mara ya pili kwa kutoamini. Umeanza na jiwe umeishia na jiwe, daftari limefunga. Joto lililopasha lile kopo lilikuwa la magogo ya tanurini, chokaa ililibeba tu, na ikabaki na deni la 113 linalolipwa ukutani.

Atatokea mmoja atauliza, mbona ukuta hauchomi? Msubiri huyo kwa hamu. Kilojuli 113 ni nyingi kuliko 65, lakini zinatoka kwa miezi na miaka, kidogo kidogo, hewa inazibeba kabla hujahisi. Kiasi cha joto ni jambo moja, kasi ya kutoka ni jingine, na kasi ni topiki ile nyingine ya kinetiki, unganisha hapo hapo.

Makosa ya pepa ambayo nayaona kila mwaka

Anatumia gramu 50 badala ya 100 kwa sababu aliangalia asidi tu. Anachukua tofauti ya nyuzi 6.2 anaiongezea 273, wakati tofauti ni ile ile kwa selsiasi na kelvini. Anagawanya kwa moli za kitu kilichozidi, kwenye mrututu anahesabu chuma badala ya mrututu. Anasahau hasi. La hasi ndo linauma zaidi maana hesabu yote ni sahihi na alama imekwenda. Mrudishe kwenye ile sentensi ya duara, themometa imekaa kwa nani?

Kusafisha

Maji ya yuria yaongezee maji mengi umwagilie bustani ya shule, ni mbolea. Asidi na alkali zilizokutana ni maji ya chumvi, zimwage. Mrututu usimwage mferejini unaoenda kwenye bwawa la samaki, utawaua. Uache na stilwaya mpaka kesho yake, bluu ikiisha kabisa chuja ile shaba ukaushe kwenye gazeti. Mimi yangu naiweka kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, imefika nusu.